Kibaya Chajitembeza

Pana mafundisho mapya yanayoenea miongoni mwa vijana wa Kenya, na kwa kuwa yamekwisha fika katika madawati ya shule zetu, haimpasi mwalimu kuyanyamazia. Mafundisho hayo husema hivi: kwanza kusanya watu katika mtandao, wawe maelfu, ukiisha kuwakusanya, tafuta kitu cha kuwauzia. Kitu chenyewe, wasema, si kazi kubwa. Chaweza kuwa kijitabu cha kusomwa katika simu, somo la video, michoro, au muhtasari wa masomo. Hutengenezwa mara moja kikauzwa mara elfu, wala hakihitaji ghala wala duka. Mimi nayakana mafundisho haya. Yataka nyumba iezekwe kabla ya kuta kusimama, na kijana atakayeyafuata atapoteza mali iliyo bora kuliko fedha, yaani kuaminiwa na watu.

Nisidhaniwe kuwa naichukia biashara ya mtandao. Tangu mwaka 2007, huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini, mtu wa Lodwar aweza kumlipa mtu wa Lamu kwa dakika moja bila ya kuonana naye. Fundi wa cherehani aliye Kitui aweza kumfundisha kwa video mwanafunzi aliye Kisumu, akapata riziki halali. Hayo ni mema. Ugomvi wangu ni juu ya jambo moja tu: kipi kitangulie, kazi au umati?

Nitatoa ushuhuda juu ya nafsi yangu. Miaka michache baada ya kutoka chuo cha ualimu niliandika muhtasari wa Kemia ya kidato cha tatu, nikataka kuuuza. Nikashauriwa nitafute wafuasi kwanza. Mwaka mzima, kila jioni, nilitia vichekesho katika mtandao: leo nilimwigiza mzazi, kesho nilimwigiza mwalimu mwenzangu. Wafuasi wakafika 12,000. Siku nilipoutangaza muhtasari wangu kwa shilingi 150, walionunua walikuwa 9. Nilikasirika, nikawaita watu wale wabahili. Lakini kosa lilikuwa langu. Wao walikuja kucheka, wakacheka, wakaenda zao, wala hawakuwa na deni kwangu. Aitaye watu kwa ngoma asistaajabu wakija kucheza.

Lililoniaibisha zaidi ni hili: mmoja wa wale 9 aliniandikia kwamba hesabu za moli katika sura ya pili zilikuwa na makosa. Nilizitazama, nikaona amesema kweli. Jioni ambazo ningalizitumia kusahihisha hesabu nilikuwa nimezitumia kuigiza.

Nikawarudishia watu fedha zao. Nikaiandika sura ile upya, nikawapa walimu wenzangu waipekue. Kisha nikaanza kutuma bure, kila juma, swali moja la Kemia pamoja na jibu lake kamili kwa yeyote aliyelitaka. Anwani zao niliziweka katika daftari langu kwa idhini yao, au ya wazazi wao ikiwa ni watoto, maana ndivyo itakavyo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Watu hao hawakuzidi 400. Muhtasari ulipotoka tena, walionunua walikuwa 130. Wanafunzi wa darasa langu mwenyewe niliwapa bure, kwa sababu kuwafundisha hao nimekwisha lipwa mshahara. Sasa piga hesabu: watu 12,000 walileta shilingi 1,350, watu 400 walileta shilingi 19,500. Umati ni kitu kimoja, na wanunuzi ni kitu kingine.

Hilo si jambo nililolivumbua mimi. Mwaka 2008 Kevin Kelly, mwandishi wa Marekani, alitoa makala akieleza kwamba msanii hahitaji mamilioni ya watu ili aishi kwa kazi yake. Mashabiki wa kweli 1,000, walio tayari kununua kila akitengenezacho, waweza kumtosha. Neno zito hapo ni kweli, wala si idadi.

Tena umati wa mtandao si mali yako. Uwanja ni wa mwingine, na mwenye uwanja ndiye aamuaye nani aonekane na nani afichwe. Mtandao wa video wa Vine ulifungwa Januari 2017, na waliokuwa wamejikusanyia wafuasi humo wakalazimika kuanza upya kwingine. Juni 2020 serikali ya India ilipiga marufuku TikTok pamoja na programu nyingine, jumla yake 59, na mamilioni ya watumiaji wakatengana na wale waliowafuata. Aliyekuwa na ujuzi alitoka na ujuzi wake. Aliyekuwa na umati tu alitoka mikono mitupu.

Lakini hasara iliyo mbaya kupita zote haimpati muuzaji, humpata mnunuzi. Kila mwaka msimu wa mitihani unapokaribia, huzuka katika Telegram watu wenye wafuasi maelfu, nao huwauzia watahiniwa karatasi wanazodai kuwa zimevuja. Aghalabu karatasi hizo ni za uongo. Wizara ya Elimu na Baraza la Mitihani wameonya mara nyingi, na Sheria ya Baraza hilo ya mwaka 2012 yaadhibu wizi wa mitihani. Hata hivyo watoto hutuma fedha, na fedha hizo pengine ni za nauli au za chakula. Wauzaji hao wameyafuata mafundisho mapya mpaka mwisho wake: walikusanya watu kwanza, kisha wakatafuta cha kuwauzia. Wasipokuwa na kazi ya mikono yao, waliuza uongo. Mwenzao mdogo ni yule anakiliye kitabu cha mwingine, akabadili jalada na kukiuza kama chake, akiivunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Wapinzani wangu watasema, “Kizuri kilichofichwa chungu­ni hakijiuzi.” Hilo nalikubali. Asiyetangaza kazi yake hujinyima mwenyewe, na huwanyima pia wale ambao ingewafaa. Lakini anayetangaza huonyesha alichonacho; anayejitembeza hupiga kelele ili watu wasiulize alicho nacho. Wahenga walizijua hali hizo mbili waliposema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza.

Basi, kijana, ukitaka kuuza kazi yako katika mtandao, jifunze kwanza jambo moja hata ulijue barabara. Litengeneze, uwape wanaojua kuliko wewe walikosoe, ulisahihishe. Wagawie watu sehemu yake bure, ili wakupime kabla ya kukulipa. Daftari la wanaokuamini liweke mkononi mwako, nawe ulitunze kama amana. Wakiwa 50, watumikie hao 50. Mtu atakapokuandikia kwamba hesabu yako ina kosa, jambo la kwanza ni kumrudishia fedha zake.