Kompyuta ya Shangazi Haina Kioo

Leo naomba tuzungumze juu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu, hapa Madale. Lilinitia aibu kwanza, ndipo likanifundisha.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni mwalimu mstaafu. Presha ya macho ilimwondolea uwezo wa kuona akiwa mtu mzima, na alipostaafu alikuja kuishi nasi. Watoto humwita Shangazi, na siku hizi nyumba nzima tunamwita hivyo. Mwaka juzi alitushangaza aliposema kwamba sehemu ya kiinua mgongo chake atanunulia kompyuta. Mume wangu akauliza, "Dada, utaitazamaje?" Akajibu, "Sitaitazama. Nitaisikiliza."

Tukaenda naye Kariakoo, mimi na kijana wetu mkubwa aliyesomea mambo hayo. Alichagua kompyuta ndogo ya mtumba, kijisanduku bapa kinachoweza kufichwa nyuma ya Biblia kubwa, na kibodi yake. Muuzaji alipouliza tunataka kioo cha ukubwa gani, Shangazi akasema hahitaji kioo. Tukacheka sote. Mimi ndiye niliyesema, "Wifi, kompyuta bila kioo ni kama nyumba bila dirisha." Basi tukanunua kioo, tena kwa fedha zake.

Kijana alimwekea programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili, Michael Curran na James Teh, ambao wenyewe hawaoni. Haiuzwi, mtu huichukua bure. Inasoma kwa sauti kila herufi unayobonyeza na kila mstari unaoufikia, na inayo sauti ya Kiswahili pia, ingawa inasikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Kipanya hakitumiki; kila kitu hufanywa kwa vidole kwenye kibodi. Herufi F na J zina vinundu vidogo vya kumwongoza mtu aweke wapi vidole. Shangazi alijifunza taipu ujanani, enzi za mashine, na wataipishaji wa wakati ule walifundishwa kutotazama vidole. Baada ya miezi miwili alikuwa akiandika barua zake bila msaada.

Ni vema tuelewe uzito wa jambo hili. Tunazo shule za wasioona, kama ile ya Buigiri, Dodoma, iliyoanzishwa na wamisionari wa Anglikana mwaka 1950, na humo mtoto hujifunza nukta nundu. Lakini aliyepoteza kuona ukubwani mara nyingi hana nukta nundu, na kalamu haimfai tena. Kila karatasi yake husomwa na mwingine kwanza. Kwa Shangazi, ile sauti ya pipa ilikuwa mlango wa kwanza kufunguka baada ya miaka mingi.

Sasa nije kwenye kosa langu. Kompyuta tuliiweka sebuleni, kioo kikiwa kimetugeukia sisi kama televisheni. Jioni moja nilimpelekea chai, macho yangu yakaangukia barua aliyokuwa anamwandikia binti yake aliyeko Mwanza. Nilisimama nikaisoma yote. Alisema tunampenda na hakosi kitu, lakini amechoka kusomewa kila kitu chake, hata karatasi za benki, na kwamba anafikiria kurudi kwenye nyumba yake Morogoro. Niliweka kikombe mezani nikaondoka. Usiku nikamweleza mume wangu.

Kesho yake, tukiwa mezani, mume wangu akauliza, "Dada, tumekukosea nini hata utake kutukimbia?" Shangazi aliweka kijiko chini. Baada ya kimya kirefu akasema, "Nani amekusomea barua yangu?" Hakuna aliyejibu. Nadhani alinitambua kwa kimya changu.

Asubuhi alimwita kijana akamwambia aondoe kioo. Niliona kama ananiadhibu. Waya ulipochomolewa, kompyuta nayo ikawa bubu, na nakiri mbele yenu kwamba nilifurahi kidogo. Kumbe sauti ilikuwa ikipita kwenye ule waya na kutokea kwenye spika za kioo chenyewe! Kijana akamletea spika ndogo na visikilizio vya kuvaa masikioni, na ile sauti ya pipa ikarudi. Tangu siku hiyo Shangazi huvaa visikilizio. Sikio moja huliacha wazi ili asikie mgeni akibisha hodi, na anachosoma anakijua yeye na Mungu wake.

Wiki nzima nilinung'unika moyoni. Kisha nikakutana tena na habari ya Bartimayo, katika Marko sura ya 10. Kila mtu pale Yeriko aliona kwamba yule ni kipofu. Hata hivyo Bwana Yesu, aliyejua yote, alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Mimi sikuuliza. Shangazi alisema dukani, kwa kinywa chake, kwamba hahitaji kioo, nami nikacheka. Nilimnunulia macho yangu mwenyewe, nikayaweka juu ya barua zake.

Wala si suala la adabu tu. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya kila mtu na mawasiliano yake ya binafsi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unarudia haki hiyo katika ibara yake ya 22. Sisi tunaoishi na ndugu asiyeona huwa wepesi kusahau, kwa sababu tumezoea kumsaidia. Kumsomea mtu barua aliyokuomba umsomee ni msaada. Kuisoma kwa kuwa hakuoni ni jambo jingine kabisa.

Kama nyumbani kwako yuko mtu wa namna hii, zingatia mambo machache. Kabla ya kuondoa kioo, hakikisha sauti inatoka kwenye spika nyingine au visikilizio. Programu ya kusoma ipangwe ianze yenyewe kompyuta inapowaka. Ikinyamaza, Windows ina msomaji wake aitwaye Narrator, ambaye huitwa kwa kubonyeza pamoja Ctrl, kitufe cha Windows na Enter. Kompyuta nyingine zikikosa kioo hupunguza ukubwa wa picha na kuvuruga baadhi ya programu. Kuna kiplagi kidogo cha kuchomeka nyuma, nayo hudhani kioo kipo. Kioo chenyewe usikigawe. Chetu kimo kabatini, kwa sababu hitilafu ikitokea kabla sauti haijaanza, lazima mwenye macho atazame. Lakini kwetu sasa ni Shangazi anayeita, na yeye ndiye anayesema kirudi kabatini.

Nilimwendea jioni moja, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Alinishika kichwani akasema, "Wifi, siku nyingine ukitaka barua yangu, niombe. Huenda nikakusomea." Tukacheka, na mimi nililia pia.

Bado hajaamua kama atarudi Morogoro. Siku akiamua atatuambia mwenyewe, nasi tutamsikiliza. Karatasi zake za benki sasa kijana humpigia picha, na kompyuta humsomea masikioni mwake.

Mama mwenzangu, leo kabla hujamshika mkono ndugu yako ili umvushe, muulize kwanza kama anataka kuvuka.