Kabla ya kumlipa Metre, panga karatasi zako

Karatasi ya wito ikikufikia Kapolowe katika kesi ya madai, sheria yetu inataka zipite siku 8 kamili kabla hujasimama mbele ya jaji, na nyongeza ndogo kwa ajili ya umbali. Ndani ya siku hizo utafute nauli ya Likasi, utafute avoka, yule tunayemwita Metre, utafute na fedha. Wengi wetu hapa Kapolowe-Gare tunazimaliza kwenye vikao vya ukoo. Asubuhi ya kesi mtu anafika mlangoni mwa tribinali mikono mitupu na kumkabidhi fedha yeyote aliyevaa tai. Ninavyoona mimi, kesi nyingi za watu wa kwetu hupotea hapo mlangoni, faili haijafunguliwa.

Mimi ni muuza samaki. Nanunua kwa wavuvi wa ziwa Tshangalele, nakausha, napeleka Likasi. Kwa kuwa nilimaliza sekondari, majirani huniletea karatasi za Kifaransa niwasomee. Tena ni mjane. Mume wangu alifanya kazi ya reli, na alipofariki ndugu zake walitaka kuuza nyumba pamoja na shamba tulilolilima upande wa Lufira. Nyumba ile bado tunakaa, mimi na wanangu, na shamba bado tunalima. Jambo lililotuokoa ni saa moja na nusu tuliyokaa na avoka mara ya kwanza, na maandalizi yaliyotangulia.

Nianze na mtu mwenyewe. Pale mahakamani wamejaa makomisionere wanaokwambia, «Mama, njoo, namjua Metre mmoja mkali.» Sheria ya baro, yaani chama cha mawakili, ya mwaka 1979 inamkataza avoka kuwinda wateja na kumlipa mtu wa kati amletee wateja. Basi avoka anayekufikia kwa mkono wa komisionere ameanza kazi yako kwa kuvunja sheria ya kazi yake. Muulize ameandikishwa katika baro gani, na umwombe akuonyeshe kadi. Kumwomba kadi si kumkosea heshima. Wako pia watetezi wa mahakama, ambao si mawakili wa baro. Hao wanaruhusiwa kusimama kwenye tribinali ya amani na kwenye tribinali kuu waliyoandikishwa, na baadhi yao ni watu hodari. Lakini kesi ikipanda rufaa hadi Lubumbashi, hawawezi kupanda nayo. Ni haki yako kulijua hilo siku ya kwanza.

Sasa karatasi. Nilipokwenda Likasi nilibeba hati ya kifo, kitabu cha ndoa, hati za kuzaliwa za watoto, barua ya chifu iliyotupa shamba, na risiti za mabati na saruji ya nyumba. Juu yake niliweka ukurasa mmoja niliouandika kwa mkono: mwaka tulipooana, mwaka tulipopewa shamba, nani alikuwapo, siku gani shemeji alikuja na mnunuzi, alisema nini, nani alisikia. Avoka aliusoma ukurasa ule kwanza, kabla hajaniuliza lolote. Mtu akianza kusimulia kwa mdomo, huanzia kwenye uchungu, na uchungu hauna tarehe.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama shamba lina hati ya usajili kutoka ofisi ya ardhi, au lina barua ya chifu tu. Sikuelewa kwa nini lilikuwa la kwanza, akanieleza. Kwa sheria ya mwaka 2013, migogoro ya urithi na ya ardhi inayotawaliwa na mila huenda tribinali ya amani. Ardhi yenye hati ya usajili ina njia yake, kwenye tribinali kuu. Ukigonga mlango usio wako, unalipa gharama, unangoja miezi, halafu jaji anakwambia hana mamlaka. Kwetu Kapolowe, ambako mashamba mengi yanasimama juu ya neno la chifu huku wanunuzi wakitoka mjini na makaratasi yenye mihuri, swali hilo lina uzito kuliko ufasaha wote wa mahakamani.

La pili aliuliza juu ya watoto. Hapa shangazi wa mume wangu alikuwa amenionya: marehemu ana mtoto wa nje, aliyemtambua akiwa hai, usimtaje, atawapunguzia wanao. Nilimtaja. Avoka akaweka kalamu chini, akasema afadhali ameyasikia kwangu kuliko kuyasikia kwa upande wa pili mbele ya jaji. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inamweka mtoto huyo katika kundi la kwanza la warithi, sawa na watoto wa ndoa, na kundi hilo linapata robo tatu ya urithi. Mimi mjane niko kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Kwa hiyo mashemeji walikuwa wanadai kama chao kile ambacho sheria imewapa watoto, na yule mtoto wa nje akawa upande wetu. Mwambie avoka yote, hata yanayokuaibisha. Siri ya kazi inamfunga, na akiivunja, sheria ya adhabu inamwadhibu.

Fedha nazo zizungumzwe siku hiyohiyo, wala usione haya. Uliza ni dola au faranga, ni kwa kesi nzima au kwa kila safari ya mahakamani, na kama gharama za karani wa mahakama zimo au ziko kando. Kila unacholipa kiandikiwe risiti. Akikwambia usilipe kitu, mkishinda mtagawana shamba, inuka uende: mapatano yanayotegemea matokeo ya kesi amekatazwa. Mwachie nakala. Akihitaji karatasi zenyewe, aandike orodha yake na aweke sahihi.

Muulize pia kama anamfahamu mpinzani wako, au amewahi kumfanyia kazi. Mwombe akueleze kila hatua kwa Kiswahili, kwa maana hukumu itaandikwa Kifaransa, na muda wa rufaa haumngoji asiyeelewa. Katika kesi ya madai ni siku 30 tangu ukabidhiwe hukumu rasmi, katika kesi ya jinai ni siku 10 tu. Kama ndugu yako amekamatwa na opeje, yaani afisa wa polisi ya mahakama, usingoje tarehe ya kesi. Kifungu cha 18 cha Katiba kinampa haki ya kuwasiliana mara moja na familia au mtetezi wake, na kinakataza kumweka polisi zaidi ya saa 48. Kifungu cha 19 kinamruhusu kuwa na mtetezi tangu kwenye mahojiano ya polisi.

Najua jibu la jirani zangu: hayo ni ya wenye fedha. Sheria ileile ya mwaka 1979 imeweka katika kila baro ofisi ya mashauri ya bure kwa wasiojiweza. Ila mama anayeuza nyanya kando ya barabara ataijuaje, na atafikaje? Baro ya Haut-Katanga ina makao Lubumbashi. Hata ofisi ya teritwari yetu iko Kambove, na kufika huko kutoka kwetu sharti upite Likasi. Kabla hajazungumza neno na avoka wa bure, mama huyo ameshamaliza mtaji wake kwenye nauli.

Nawaomba viongozi wa baro watume mawakili wawili, mara moja kwa mwezi, siku ya soko, waketi hapa Kapolowe na kusikiliza watu. Chumba hakitakosekana: misheni inacho, shule zinacho. Sisi tutakuja na karatasi zetu zimepangwa.