Safari ya Siku Tatu Gusii: Kwa Nini Pwani Peke Yake?

Kila mwaka vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu huandaa ziara ya kimasomo, na aghalabu basi huelekea upande mmoja: Fort Jesus, Gede, na mfuko ukiruhusu, Lamu. Sina ugomvi na Pwani. Nani aisomaye fasihi ya Kiswahili asiyetamani kuifika Lamu? Hata hivyo, nachelea kwamba mazoea haya yamezaa imani ya kimyakimya, kuwa historia inayostahili kuandikwa kwa Kiswahili ni ile tu iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Mimi ni mzaliwa wa Nyamarambe, Mugirango Kusini. Likizo iliyopita tulikodi nisani, wanafunzi kumi na mmoja, tukaizunguka Gusii kwa siku tatu. Nimerudi na hoja ambayo ningependa wasomaji wa jarida hili waipime.

Siku ya kwanza ilikuwa ya Tabaka, jirani zetu. Huko mawe ya sabuni huchimbwa mlimani, wanaume wakayachonga kwa panga na visu vidogo, kisha wanawake wakayalainisha kwa msasa na maji hadi rangi ya waridi au ya maziwa ijitokeze. Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko huko, ana sanamu katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mgeni wa kawaida huishia hapo: hununua kifaru cha jiwe (mnyama ambaye huenda aliyemchonga hajapata kumwona) na kurudi Nairobi akidhani ameiona Gusii.

Siku ya pili tulishuka mjini Kisii, ambapo wenyeji huita Getembe. Husimuliwa kwamba kabla mzungu hajakanyaga hapo, Sakawa alitabiri ujio wake na kuonyesha mahali ambapo majengo ya serikali yangesimama. Tulipoketi na mzee mmoja kulisikiliza simulizi hilo, alisimulia kwa Ekegusii nami nikawafasiria wenzangu, na hapo ndipo nilipokwama. Nimwite Sakawa nani? Nikisema 'nabii', nimempeleka kwenye Biblia na Kurani, mahali asipotoka. Nikisema 'mpiga ramli', nimemshusha hadi kwenye kibanda cha uchochoroni. 'Mtabiri' linafaa kidogo, ila siku hizi tumelizoea katika habari za hali ya hewa. Ekegusii kina neno omoragori kwa mwaguzi, nalo pia halimwenei. Tulibishana ndani ya gari hadi magharibi. Nathubutu kusema kwamba katika ubishi ule tulijifunza juu ya tafsiri kuliko tulivyojifunza darasani muhula mzima.

Siku ya tatu tulipanda Manga. Ukisimama ukingoni mwa genge lile unaiona nchi ikiteremka kuelekea Ziwa la Viktoria, na mvua ikikimbizana na jua juu ya mashamba ya chai na migomba. Nchi hii ya Kitutu ndiyo ya Moraa na Otenyo. Waingereza waliishambulia Gusii mwaka 1905, wakapora ng'ombe. Mwaka 1908 Moraa, mwanamke mwaguzi, aliwachochea vijana wasikubali kutawaliwa, na Otenyo akamchoma mkuki afisa wa kikoloni aliyeitwa Northcote. Northcote alipona, mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, nchi ikateketezwa kwa adhabu, na hadi leo Wagusii wanadai kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza, nao wanataka kirudishwe.

Sasa mwulize mwanafunzi yeyote wa tamthilia akutajie Kinjeketile. Atakujibu papo hapo, kwa sababu mwaka 1969 Ebrahim Hussein aliitia Maji Maji katika Kiswahili. Ngarambe ya Kinjeketile na Nyamarambe yetu hazina undugu ila wa sauti, lakini kisa ni cha aina moja: neno la mwaguzi, mkuki dhidi ya bunduki, kisha hesabu ya wafu. Kinjeketile anaishi madarasani kutoka Dar es Salaam hadi Maseno. Moraa je? Tofauti yao siyo ukubwa wa tendo. Ni kalamu.

Nimeambiwa na mhadhiri mmoja, kwa upole, kwamba haya ni ya idara ya historia, na kwamba Kiswahili hakina mizizi Gusii. Namheshimu, ila namkumbusha Mekatilili wa Menza. Kiongozi huyu wa Wagiriama alikamatwa mwaka 1913, akahamishiwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Januari 1914 walitoroka, wakaivuka karibu nchi nzima kwa miguu hadi kwao Pwani. Mama huyu alifungwa katika nchi ambayo miaka sita tu nyuma Moraa alikuwa amewasha moto ule ule. Wakoloni walidhani wanampeleka mahali asipo na wenzake. Je, walinzi, wafungwa na wauza chakula pale Kisii walisemezana naye kwa lugha gani? Swali hilo ni letu, watu wa Kiswahili, siyo la mtu mwingine.

Nakiri safari yetu ilikuwa na kasoro. Tulipita Nyamira mbiombio kwa sababu ya mvua, na mpigaji wa obokano, zeze kubwa la nyuzi nane, tulimsikiliza kwa robo saa tu dereva akipiga honi. Aidha, mzee wa Getembe alituambia kwamba sisi tulikuwa wanafunzi wa kwanza kumwendea. Yu mkongwe, na wajukuu zake wako Nairobi.

Kwa hiyo naiomba kamati ya chama ibadili mwelekeo wa basi kwa mwaka mmoja tu. Gharama ya siku tatu Gusii haifiki nusu ya ile ya Lamu. Hesabu zetu ninazo, na yeyote anaweza kuzikagua. Kila mwanafunzi abebe kinasasauti, na kila kikundi kiwe na msemaji mmoja wa Ekegusii. Wageni watalala Nyamarambe, kwetu. Mama amekwisha kuuliza ni wangapi wanakula wimbi.