MUSIMUPIGIE MWENZETU KELELE

Tunaandika juu ya mushambuliaji wetu wa mwaka wa tatu. Jina tunaliacha, munamujua. Sasa michezo mine hajaingiza goli hata moja, na sisi tunaosimama kando ya kiwanja tunalia: «Atoke! Atoke!» Juma lililopita alitoka kweli. Akaenda kukaa nyuma ya darasa, na mangaribi hakuja kula.

Jambo hili haliko letu peke yetu. Kule Marekani kuna muchezo wa beziboli: mutu mumoja anatupa mupira mudogo kwa nguvu, mwingine anaupiga na fimbo. Ni kazi ngumu. Hata mupigaji hodari anakosa karibu mara saba kwa kumi. Mwaka 1951 kijana Willie Mays, wa miaka 20, aliingia katika ekipe ya New York Giants. Katika majaribio yake 26 ya kwanza alifaulu mara moja tu. Alilia mu chumba cha kuvalia. Antrenere wake, Leo Durocher, hakumufukuza. Alimwambia ya kwamba wakati wote yeye ni antrenere, nafasi ile ni yake. Mwisho wa mwaka ule Mays alichaguliwa kuwa mupya aliye bora wa ligi yake, tena akacheza mpaka 1973.

Sasa kwetu. Huyu anamwambia mutoto, inua kichwa. Yule anasema, piga na kushoto. Mukubwa mwingine wa mwaka wa sita anasema, usikimbie sana. Siku ya muchezo ikifika, hajui tena hata muguu gani ni wake! Sisi wenyewe tulikuwa kati ya washauri hao, tusifiche.

Bwana Antrenere, tunakuomba kwa heshima: jina lake libaki kwenye liste kwa michezo miwili. Mutu mumoja tu amufundishe, na kiisha masomo apige mipira karibu na goli, pasipo watazamaji. Wengine watauliza: na tukishindwa je? Basi nani aliingiza goli juma lililopita, yeye alipokwisha kutoka? Hakuna.

Siku ya posho, saa tisa, tutasimama nyuma ya goli la upande wa muto. Anayetaka kulia «Atoke» asimame upande mwingine.