Wakili wa Miliki Bunifu na Somo la Fasihi Simulizi

Mwanafunzi wa sheria anayetamani kuwa wakili wa miliki bunifu aghalabu hushauriwa aibobee Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kisha ajifunze sayansi ili azimudu kesi za hataza. Ushauri huo haudharauliki, ila una pengo kubwa.

Sheria hiyo hailindi utungo wa fasihi mpaka uandikwe, urekodiwe au uhifadhiwe kwa njia nyingine ya kushikika. Malenga atungaye papo kwa papo harusini hana pa kushika. Hata kurekodi hakukomeshi ubishi: wimbo wa Malaika aliourekodi Fadhili William, ukaenezwa duniani na Miriam Makeba na Boney M., utunzi wake umezozaniwa kwa miaka mingi, Adam Salim akiwa miongoni mwa wanaotajwa.

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, zikiwamo hadithi, tendi na vitendawili, na mmiliki ni jamii. Jamii ipi? Utendi usomwao Lamu, Mombasa na Unguja ni wa nani? Na nani atakayemwonyesha hakimu ubeti uliorithiwa na ule uliobuniwa na mtu mmoja? Hapo vifungu pekee havitoshi. Yahitajika elimu ya bahari, vina na mianzo ya kijadi.

Vitivo vya sheria na viwafungulie wanafunzi wao madarasa ya fasihi simulizi (na wa Kiswahili nao waache kuziogopa sheria), kabla hawajaingia mahakamani kuwatetea manju wasiowaelewa.