Redio za Kuunda Wenyewe: Kisumu Yaweza, na Pwani Yaweza

Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumezoea kuisikia harusini na matangani, pale watu wanapochangishana. Leo nataka kuitumia kwa jambo ambalo huenda wasomaji wengi wa ukurasa huu hawajalifikiria, nalo ni redio. Sisemi redio ya kusikilizia taarifa ya habari na taarabu. Nasema redio ya kupokea na kupeleka sauti, ile ambayo wazee wetu waliita simu ya upepo na askari huita redio koli.

Rai yangu ni hii: vijana wa Kisumu na ufuo wa ziwa, na vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu, wanaweza kuziunda redio hizo kwa mikono yao wenyewe, kwa kufuata michoro iliyo wazi kwa kila mtu na kwa kuagiza bodi zake kwa mchango. Tukiendelea kununua tu vyombo vilivyokwisha fungwa, tusivyoweza kuvifungua wala kuvitengeneza, tutabaki wanunuzi milele, na ufundi wa redio utazikwa pamoja na mafundi wetu wazee.

Kwanza tueleweshane. Duniani kote wako watu waitwao wanaredio wa ridhaa. Hawa hawalipwi wala hawafanyi biashara hewani. Hufanya mtihani, hupewa leseni na serikali, na kila mmoja hupewa jina lake la hewani lenye herufi na tarakimu. Majina ya Kenya huanza na 5Z4. Wakati wa ukoloni yalianza na VQ4. Huzungumza na wenzao wa karibu na wa mbali, hujifunza tabia za mawimbi, na yanapotokea maafa husaidia kupeleka habari. Si ruhusa kwao kuzungumza kwa mafumbo ya siri wala kutangaza bidhaa.

Asidhani mtu kwamba huu ni mchezo wa Wazungu wasio na kazi. Marehemu Sultan Qaboos wa Oman alikuwa mwanaredio wa ridhaa, na jina lake la hewani lilikuwa A41AA. Chama cha wanaredio cha nchi yake kilianzishwa mwaka 1972. Mfalme Hussein wa Jordan naye alijulikana hewani kwa jina la JY1. Ikiwa wafalme waliona si aibu kukaa mbele ya redio na kuzungumza na mtu wasiyemjua wa nchi ya mbali, kijana wa Kaloleni ana sababu gani ya kuona haya?

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini nimekaa Kisumu miaka mingi ya kutosha kuujua mji ule. Ni mji wa reli, iliyofika mwaka 1901 ulipokuwa ukiitwa Port Florence, na ni mji wenye Waislamu wa siku nyingi. Msikiti wa Jamia ulijengwa mwaka 1919. Ukienda soko la Kibuye utawakuta mafundi wenye mikono ya ajabu. Atakufungulia amplifaya iliyoungua, ainuse, agonge hapa na pale, aitoe transista moja na kutia nyingine, na jioni muziki unalia. Lakini vyombo vya siku hizi vinamfungia mlango. Simu imegandishwa kwa gundi, mchoro wake ni siri ya kiwanda, na kazi anayoachiwa fundi ni kubadilisha kioo na betri. Fundi anageuzwa kuwa mchuuzi wa vipuri, naye mwanagenzi wake anajifunza uchuuzi, hajifunzi ufundi.

Kisha liko ziwa lenyewe. Ziwa Viktoria lina eneo la zaidi ya kilomita 68,000 za mraba, na sehemu ya Kenya ni kiasi cha mia kwa sita tu. Hata hivyo, sehemu hiyo ndogo ina Ghuba ya Winam, ina visiwa vya Rusinga na Mfangano, na ina maelfu ya watu waendao kuvua omena usiku. Dhoruba za ziwa lile huja ghafula. Sisi tuliozaliwa baharini tunajua maana ya kumngoja mtu wa chombo asiyerudi kwa wakati wake. Katika ufuo kama huo, kuwa na watu wanaoijua redio nje na ndani si anasa.

Wala si mara ya kwanza kwa ufuo ule kuonyesha njia. Mwaka 1982, kwa msaada wa shirika la UNESCO, kilifunguliwa huko Homa Bay kituo kidogo cha redio kilichotangaza kwa Kijaluo, kwa mitambo midogo ya gharama nafuu. Ni miongoni mwa vituo vya mwanzo kabisa vya redio ya kijamii katika Afrika. Kilifungwa mwaka 1984. Kwangu mimi, somo la Homa Bay ni kwamba mtambo ukiwa mdogo na mwepesi, mji mdogo nao unaweza kusema. Na somo la pili ni kwamba mtambo ukiondoka kabla ufundi haujaenea mikononi mwa watu, haubakizi kitu ila kumbukumbu.

Sasa tuje kwenye bodi. Katika mji wa Hyderabad, India, yuko bwana mmoja mwanaredio aitwaye Ashhar Farhan. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alibuni redio aliyoiita BITX, akautoa mchoro wake bure, mtu yeyote autazame, aufuate na aubadilishe. Mchoro wa namna hii huitwa mchoro huria. Alitaka redio ambayo mtu wa kawaida wa India ataweza kuiunda kwa vipuri vya dukani mwake. Siri ya mchoro ni kwamba sehemu zile zile zinazopokea sauti ndizo zinazoipeleka. Umeme hugeuziwa njia tu, mithili ya mlango mmoja wa kuingilia na kutokea. Kwa hiyo vipuri vinapungua na bei inashuka.

Mwishoni mwa 2017 ilitoka nyingine iitwayo uBITX, yenye nguvu ya wati 10 hivi, inayofanya kazi katika masafa yote ya mawimbi mafupi kuanzia megahezi 3 hadi 30. Bodi yake iliuzwa kwa zaidi kidogo ya dola 100 za Marekani, tena ikiwa imekwisha kutiwa vipuri. Koili zake zilisokotwa kwa mkono na kikundi cha wanawake wa huko huko. Mnunuzi hutafuta sanduku, hufunga vifungo, huunganisha betri ya gari, na redio inasema.

Jambo lililonivutia kuliko yote si bei. Ni yale yaliyotokea baadaye. Wanaredio wa nchi mbalimbali waliipima bodi ile wakakuta ina kasoro: ilikuwa ikitoa mawimbi ya ziada nje ya masafa yaliyokusudiwa, jambo ambalo sheria za redio hazilikubali. Kwa kuwa mchoro ulikuwa wazi, kila mwenye kipimo aliweza kuitafuta kasoro ilipo. Wakaonyeshana namna ya kuitibu, na toleo la tano, la mwaka 2019, likatoka limerekebishwa. Kama mchoro ungekuwa siri, mnunuzi angeambiwa nini? Angeambiwa angoje kiwanda, au anunue nyingine.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa faida ya jambo hili. Jahazi zetu hazikuundwa kwa michoro ya karatasi iliyofungiwa sandukuni. Fundi alikuwa na kipimo kichwani, mwanagenzi akamfuata miaka na miaka, akishika timbo na kalafati mpaka naye akawa fundi. Hapakuwa na mtu aliyesema umbo la jahazi ni lake peke yake. Lakini njia ile ilikuwa na udhaifu mmoja: fundi akifa bila mwanagenzi, elimu hufa naye. Mchoro ulio wazi, ulioandikwa na kusambazwa, ni jahazi lisilozama na fundi wake.

Sasa mchango unaingia wapi? Viwanda vinavyochapa bodi za saketi, hasa vile vya Shenzhen huko China, aghalabu havichapi bodi moja. Kiwango cha chini mara nyingi ni tano. Mtu mmoja akiagiza peke yake atalipia bodi tano atumie moja. Vipuri navyo ni hivyo hivyo: kapasita moja haina bei, lakini ukinunua mia unapata nafuu ambayo wa moja haipati. Gharama ya kusafirisha kifurushi kimoja haitofautiani sana na ya kusafirisha kumi katika sanduku moja, na kazi ya kupita forodhani ni moja. Kwa hiyo wakikutana watu kumi, wakaandika orodha, wakatoa fedha kwanza na mmoja wao akaagiza kwa niaba ya wote, kila mmoja atalipa sehemu ndogo ya kile ambacho angelipa peke yake.

Na iko faida ya pili isiyohesabika kwa shilingi. Watu kumi wenye bodi ya namna moja ni darasa. Ya huyu ikikataa kusema, hulinganishwa na ya yule inayosema, na kasoro huonekana. Aliye hodari wa kutia lehemu humsaidia asiyeweza, naye anayejua hesabu za masafa humweleza mwenziwe.

Najua mchango wa fedha una fitina zake. Vyama vingi vimevunjika kwa sababu ya mweka hazina mmoja. Lakini sisi tuna hazina ya adabu katika mambo haya. Masheikh wetu wanaeleza vizuri sharti za kulipa leo kwa bidhaa itakayokuja kesho, yaani salam, na za kuagizia kitu kitengenezwe, yaani istisnaa: kitu kielezwe sifa zake, bei ijulikane, muda utajwe, na deni liandikwe. Wakikubaliana tangu mwanzo nani atabeba hasara ya bodi itakayofika imevunjika, na nakala ya hesabu akapewa kila mtu, fitina itakosa pa kuingilia.

Wako watakaonipinga. Wa kwanza atasema, simu ya mkononi yatosha. Simu ni neema, nami ninayo. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyofika hata pwani yetu ya Malindi, ilipoharibu mawasiliano katika visiwa vya Andaman, wanaredio wa ridhaa wa India waliokuwa huko ndio waliopeleka habari za watu kwa jamaa zao. Redio ya mawimbi mafupi haihitaji mnara wala waya wa baharini. Waya wa mita 20 uliotundikwa chini chini, pamoja na betri ya gari, wakati wa mchana hupeleka sauti juu angani ikarudi chini na kuenea mamia ya kilomita. Mtu wa Mfangano anaweza kumsikia wa Kisumu, na wa Kisumu akamsikia wa Mombasa.

Hapa lazima niseme kweli. Leseni ya ridhaa si ya kuendeshea biashara ya uvuvi, na mashua zinahitaji redio za chomboni zenye leseni yake. Ninachodai ni ufundi. Anayejua kuunda hii ataweza kutengeneza ile.

Wa pili atasema, redio ndogo za mkononi kutoka China ni rahisi zaidi. Ni rahisi, kweli. Lakini nyingi hazivuki mbali na upeo wa macho bila kituo cha kupokezana, na ikifa hutupwa. Urahisi wa namna hiyo hautuachii elimu.

Wa tatu, naye ni mzito, atasema redio mikononi mwa raia ni hatari kwa dola. Wenye umri wetu tunakumbuka asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipoiteka Sauti ya Kenya. Siidharau hofu hiyo. Lakini mwanaredio wa ridhaa ndiye mtu aliye wazi kuliko wote: jina lake limo daftarini mwa serikali, hulitamka kila azungumzapo, na lolote asemalo husikiwa na kila mwenye redio. Ninachoiomba Mamlaka ya Mawasiliano ni kwamba mtihani na leseni visiwe mbali na kijana wa Kisumu au wa Lamu, na maelezo yake yapatikane kwa Kiswahili.

Basi nawaambia walimu wa vyuo vya ufundi, wazee wa vyama vya mitaani na vijana wenye koleo na pasi ya kulehemu: msingoje mfadhili. Homa Bay ilikuwa na mfadhili. Tafuteni watu kumi wanaoaminiana, fanyeni mtihani kwanza, kisha chagueni mchoro mmoja ulio wazi, andikeni hesabu, mkaagize. Bodi ya kwanza ikiungua, mchoro bado mnao.