Canada: Mifupa ya wamama wazee wa Inuit iko hatarini, maziwa peke yake si dawa

Katika eneo la Nunavut, kaskazini mwa Canada, mama mzee akianguka kwenye barafu na kuvunjika nyonga, shida haiishii kwenye maumivu. Nunavut ina miji na vijiji 25, na hakuna barabara inayoviunganisha. Mgonjwa wa upasuaji mkubwa hupandishwa ndege. Yule wa upande wa Baffin anaweza kupelekwa hadi Ottawa, mbali na jamaa na lugha yake.

Mbona mifupa inadhoofika? Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni inayolinda mifupa hupungua. Hilo huwapata wanawake wote wa dunia. Kwa Wainuit kunaongezeka mambo mengine: uvutaji wa sigara uko juu sana, na mwanga wa jua unaosaidia mwili kutengeneza vitamini D ni haba. Huko Resolute na Grise Fiord, wakati wa baridi jua halionekani kabisa kwa miezi.

Zamani bahari ndiyo iliyoziba pengo hilo. Mafuta ya sili, ngozi ya nyangumi na samaki wa maji baridi vina vitamini D nyingi. Kalsiamu ilipatikana kwa kutafuna mifupa laini ya samaki na kunywa mchuzi wa mifupa. Lakini tusidanganyane kwamba chakula cha mababu kilimaliza kila kitu. Mwaka 1974, watafiti Mazess na Mather walionyesha kwamba Wainuit wa kaskazini mwa Alaska waliopita miaka 40 walikuwa na madini ya mifupa pungufu kwa asilimia 10 hadi 15 kuliko Wamarekani weupe.

Leo hali ni ngumu pande mbili. Chakula cha uwindaji kinapungua mezani: mafuta ya chombo na risasi ni ghali, na mwaka 2015 serikali ya Nunavut ilisimamisha uwindaji wa karibu katika kisiwa cha Baffin kwa sababu wanyama hao walikuwa wamepungua sana, kabla ya kuruhusu idadi ndogo. Nafasi hiyo inachukuliwa na soda, biskuti na unga mweupe, vitu visivyojenga mfupa. Uchunguzi wa afya wa 2007-2008 ulikuta karibu asilimia 70 ya nyumba za Wainuit wa Nunavut hazina uhakika wa chakula.

Waganga hushauri mwanamke aliyepita miaka 50 apate miligramu 1200 za kalsiamu kwa siku. Kusema tu « kunyweni maziwa » ni rahisi. Maziwa yanafika kwa ndege, bei iko juu, na watu wazima wengi wa Inuit yanawasumbua tumbo.

Serikali ya Canada ilianzisha mpango wa Nutrition North mwaka 2011 ili kupunguza bei. Mwaka 2014, mkaguzi mkuu wa hesabu alisema wizara haikuhakikisha kama wenye maduka wanawafikishia wanunuzi punguzo lote. Ni mwaka 2020 tu ambapo mpango huo uliongezewa msaada kwa wawindaji.

Hapo ndipo penye jibu. Vidonge vya vitamini D vinasaidia, na kuacha sigara pia. Ila mama mzee anahitaji sili na samaki vifike tena chunguni mwake. Pesa zinazoishia dukani peke yake hazitamfikia.